Nchi Moja, Hesabu Nne

Bilpam ya Juba ilirithi jina lake. Bilpam ya kwanza ilikuwa kambi huko Gambela, ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, ambako wapiganaji wa SPLA, waasi wa kusini mwa Sudan, walianza kujipanga mwaka 1983. Vita vilipokwisha, jeshi lilikuja mjini, likaweka makao yake makuu na kuyaita kwa jina la kambi ile. Siku hizi ukimwambia mtu wa bodaboda "Bilpam", anakupeleka bila kuuliza ni ipi. Jina linatumika kila siku, na kule lilikotoka hakutajwi.

Nilikuwa nikiliwaza hilo jioni niliyokaa kwenye banda la chai pale Bilpam na mhadhiri mmoja kijana, mtaalamu wa wadudu. Mama wa chai, ambaye watu wa Juba humwita sitt shai, alikuwa amekwisha kutuwekea glasi mbili za chai ya tangawizi. Mhadhiri akanigeuzia simu yake. Ilikuwa fomu ya kuomba fedha za utafiti, na kisanduku kimoja kilitaka kujua kipimo chake cha h. Alikuwa ameandika 3.

"Wenzangu niliosoma nao, wale walioingia kwenye utabibu, wana kumi na mbili, kumi na tano," alisema. "Mimi miaka tisa nahesabu inzi, nina tatu. Ndugu yangu, atakayeisoma fomu hii ataelewa nini?"

"Ataelewa tatu, ustadhi," nikamjibu. Lilikuwa jibu la haraka mno kwa swali la uzito ule. Nimelirudia kichwani mara nyingi tangu jioni ile, na sura hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifundisha San Diego, California. Hesabu yake ni nyepesi. Zipange makala za mtu, ukianza na ile iliyorejelewa na wataalamu wengine mara nyingi zaidi, ushuke hadi ile iliyorejelewa mara chache. Tuseme ya kwanza imerejelewa mara 10, ya pili mara 8, ya tatu mara 5, ya nne mara 4, ya tano mara 3. Makala nne zimefikisha angalau mara nne kila moja, lakini hakuna makala tano zilizofikisha mara tano. Basi h ya mtu huyo ni 4. Makala moja iliyovuma haiwezi kuipandisha peke yake, wala lundo la makala zisizosomwa na mtu. Uzuri wake uko hapo, na ndiyo maana ilienea upesi. Google Scholar, iliyokuwa imeanza mwaka 2004, ikaja kuiweka kwenye simu ya kila mtu.

Lakini katika makala ileile ya 2005 Hirsch alionyesha penye tatizo. Alimtaja Edward Witten, mwanafizikia mwenye h kubwa kuliko wenzake wote wa fizikia aliowachunguza, akiwa na 110. Kisha akageukia sayansi ya uhai, akamkuta Solomon Snyder ana 191. Hakuna anayezijua kazi za wawili hao atakayesema kwamba Snyder amemzidi Witten kwa zaidi ya nusu. Walikuwa wakipimwa katika masoko mawili yenye vibaba tofauti.

Tofauti hiyo inatoka mahali panapoonekana wazi. Kila chanzo kinachotajwa mwishoni mwa makala ni alama moja inayokwenda kwa mtu fulani. Mtaalamu wa hisabati huandika makala yenye vyanzo vichache, labda peke yake, na wenzake wanaoweza kuielewa wametawanyika duniani, watu hamsini huku, ishirini kule. Mtafiti wa chembe za mwili huandika na wenzake kumi, hutaja vyanzo vingi, na nyuma yake ipo mikono maelfu inayofanya kazi inayofanana na yake. Fani inayogawa alama nyingi, watu wake watakuwa na alama nyingi, hata kama hakuna aliyemzidi mwenzake akili wala bidii. Makala iliyorejelewa kuliko zote katika historia ya sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951, nayo inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye kimiminika. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa imerejelewa zaidi ya mara 300,000. Ni njia ya kazi tu, kama mizani ya dukani, na kila aliyepima alilazimika kusema alitumia mizani gani.

Sasa tuiache Juba kidogo, tuelekee magharibi, kwenye nchi ya Wazande na majirani zao: Maridi, Yambio, Nzara, Tembura. Sijui sehemu nyingine ya Afrika Mashariki ambako fani zilizo mbali hivi zimechimba kwenye udongo mmoja, kila moja ikaondoka na hesabu yake.

Aliyetangulia ni mwanaanthropolojia. E. E. Evans-Pritchard alikaa kwa Wazande kwa vipindi kadhaa kati ya mwaka 1926 na 1930, na mwaka 1937 akachapisha kitabu kuhusu uchawi, uaguzi na uganga miongoni mwao. Mfano wake unaokumbukwa kuliko yote ni wa ghala la nafaka. Mchwa wamekula nguzo, ghala limewaangukia watu waliokuwa wamekaa kivulini chake. Mzande anajua fika kwamba ni mchwa. Anachouliza ni kwa nini liwaangukie hawa, saa ile. Kwa mfano huo wanafalsafa wa Uingereza walibishana kwa miaka mingi juu ya maana ya kuwa na akili timamu. Peter Winch aliandika makala yake maarufu juu ya suala hilo mwaka 1964. Kitabu kinasomwa hadi leo, yapata miaka 90 baadaye.

Lakini ni kitabu. Eugene Garfield, aliyeanzisha faharasa ya marejeleo ya sayansi huko Philadelphia miaka ya 1960, aliijenga juu ya majarida. Wazo alilipata kwa wanasheria wa Marekani, ambao tangu 1873 walikuwa na daftari la kuonyesha hukumu ipi imetajwa na hukumu zipi za baadaye. Kilichoingia kwenye daftari la Garfield kilikuwa mazungumzo ya jarida kwa jarida. Wanaanthropolojia na wanahistoria huzungumza kwa vitabu, kitabu kikijibu kitabu baada ya miaka minane au kumi, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ilipita nje ya wavu. Hapo sijamtaja Kamanga, kijana wa Kizande aliyemtumikia Evans-Pritchard. Ndiye aliyeingizwa kwenye chama cha waganga, akajifunza siri zao, na mengi yaliyomo kitabuni yalipitia kwake. Jina lake limo katika kitabu kile kama mtoa habari. Kamanga hana h.

Baada ya anthropolojia ikaja pamba. Serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Zande miaka ya 1940, ikawahamisha watu, ikawalimisha pamba, ikajenga kiwanda Nzara. Conrad Reining aliuandikia kitabu mwaka 1966. Ninaupita haraka, ila kiwanda kile tutakihitaji.

Tarehe 27 Juni 1976 mfanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Nzara, mtunza vitambaa stoo, alishikwa na homa. Alikufa tarehe 6 Julai. Wakafuata wenzake. Ugonjwa ukafika Maridi, ukaingia hospitali, na hospitali ikawa njia yake ya kuenea. Hadi Novemba walikuwa wameugua watu 284: Nzara 67, Maridi 213, Tembura 3, na Juba mmoja. Walikufa 151. Kati ya wahudumu wa hospitali ya Maridi waliugua 76, wakafa 41. Wengi waliambukizwa kwa kumwosha mgonjwa, kumgeuza, kumnywesha maji.

Ripoti ya mlipuko ule ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Ndiyo inayotuambia kwamba virusi vile vya Ebola, vilivyopewa baadaye jina la Sudan, vinahitaji kugusana kwa karibu, kwamba mtu hukaa kati ya siku 7 na 14 kabla ya kuugua, kwamba kumuuguza mtu ndiyo hatari kubwa. Mwaka 2000 ugonjwa huo ulipozuka Gulu, Uganda, na mwaka 2022 ulipozuka Mubende, watu walianza na yale ambayo Nzara na Maridi yalikuwa yamefundisha. Ripoti hiyo imerejelewa mno. Na kwenye nafasi ya mwandishi hakuna jina la mtu. Limeandikwa jina la timu ya kimataifa.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu na kila mara linanikaa vibaya. Alama zote zile zimeingia kwenye akaunti isiyo na mwenyewe. Hazikumpandisha cheo daktari yeyote wa Sudan, hazikumpatia yeyote fedha za utafiti uliofuata. Na wale 41, ambao kwa miili yao ilijulikana kwamba ugonjwa unafuata mikono ya anayeuguza, wamo ndani ya jedwali kama tarakimu.

Ng'ambo ya mpaka, huko Yambuku katika nchi iliyoitwa Zaire, mwaka huohuo walikufa watu 280 kati ya 318 waliougua. Daktari wa Kikongo Jean-Jacques Muyembe alikwenda, akawapima wagonjwa kwa mikono isiyo na glavu, akatoa damu. Machi 1977 jarida la Lancet lilichapisha makala tatu za kutangaza virusi vipya, kutoka maabara za Marekani, Uingereza na Ubelgiji. Jina la Muyembe halimo katika yoyote. Aliendelea kufanya kazi Kinshasa kwa zaidi ya miaka arobaini. Damu ya mtu aliyepona mlipuko wa Kikwit wa 1995 ndiyo iliyozaa mojawapo ya dawa mbili zilizofaulu katika majaribio ya mashariki mwa Kongo, matokeo yakachapishwa 2019, na safari hii jina lake limo. Mtu akiitazama rekodi yake leo ataona kilima kirefu cha marejeleo miaka ya mwisho na bonde pale mwanzoni. Bonde lile ni mwaka 1976, mwaka ambao pengine alifanya kazi ngumu kuliko zote.

Tunarudi upande wa Sudan Kusini, kwenye hifadhi ya Bangangai, si mbali na Yambio. Huko mwanabiolojia DeeAnn Reeder wa Marekani na wenzake, akiwemo Mganda Imran Ejotre, walinasa popo mwenye manyoya meusi na madoa na mistari ya rangi ya maziwa. Spishi yenyewe ilikuwa imeelezwa mwaka 1939 kutokana na popo wa Kongo ya Wabelgiji, lakini walipompima fuvu na meno waliona amewekwa ukoo usio wake. Mwaka 2013 wakamtungia jenasi mpya katika jarida la ZooKeys: Niumbaha. Neno ni la Kizande, maana yake kitu adimu, kisicho cha kawaida.

Kazi kama hii ndiyo inayoadhibiwa na hesabu kuliko zote. Kila atakayemtaja popo huyu duniani, kwenye orodha ya hifadhi, kwenye kitabu cha wanyama, kwenye makala ya magonjwa, ataandika Niumbaha. Ameshatumia matokeo ya utafiti ule. Lakini kwa desturi ya fani jina la kiumbe hutumika bila makala iliyolitunga kuwekwa kwenye orodha ya vyanzo, na kisichokuwa kwenye orodha hiyo hakihesabiwi. Ni Bilpam nyingine. Tena mtu asidhani kwamba popo ni anasa. Timu ya 1976 ilikuta popo kwenye paa la kiwanda cha Nzara, palepale mtunza stoo alipofanyia kazi, na hadi leo mnyama anayevihifadhi virusi vya Sudan hajapatikana. Atakapopatikana, ugunduzi utarejelewa maelfu ya mara, na utasimama juu ya mabega ya watu waliokesha na nyavu msituni wakijifunza kutofautisha popo huyu na yule.

Hesabu ya nne ni ya inzi. Maridi kuna bwawa, na pale maji yanapomwagika kwa kasi huzaliana inzi weusi waumao, wale waletao usubi, ugonjwa unaohusishwa na kifafa. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Maridi na kuchapishwa mwaka 2018 na Robert Colebunders wa Antwerp pamoja na watafiti wa Sudan Kusini uliwakuta zaidi ya watu 4 katika kila 100 wana kifafa, na vijiji vilivyo karibu na bwawa ndivyo vilivyoathirika zaidi. Jamii ikapewa mapanga, ikafyeka mimea iliyoning'inia majini ambako viluwiluwi hujishikiza, na kuumwa na inzi kukapungua sana. Makala za kifafa husomwa na madaktari wa ubongo, wataalamu wa vimelea, watu wa afya ya jamii, nazo hurejelewa na wote hao. Mtu anayekaa ukingoni saa nzima, mguu wazi, akihesabu inzi wanaotua, makala yake inasomwa na wachache wanaohesabu inzi mahali pengine. Ni mto mmoja na wagonjwa walewale.

Wapo waliojaribu kusawazisha. Njia ya kawaida ni kuilinganisha makala na nyingine za fani ileile na mwaka uleule: ikirejelewa sawa na wastani inapata 1, ikirejelewa mara mbili ya wastani inapata 2. Hapo makala ya inzi iliyorejelewa mara 12 inaweza kuipita ya moyo iliyorejelewa mara 40. Mwaka 2019 John Ioannidis wa Stanford na wenzake walitoa orodha ya wanasayansi zaidi ya 100,000, wakiwa wamewagawa katika fani 22 na matawi 176, wakiondoa marejeleo ya mtu kujitaja mwenyewe na kuangalia kama jina lake ni la kwanza, la mwisho au la peke yake. Orodha iliyokua kutokana na hiyo ndiyo ile ya asilimia 2 ambayo vyuo vyetu huitangaza kila mwaka kwa furaha. Ni bora kuliko h tupu, na ninaikubali kwa sehemu. Bado inasawazisha kilichokwisha kuingia kwenye wavu tu.

Na mengi ya hapa hayajaingia. Mwaka 2007 wanasayansi waliruka na ndege ndogo juu ya Boma na Jonglei kuhesabu wanyama, dunia ikidhani vita vimewamaliza. Walikadiria swala wa kob wenye masikio meupe kuwa yapata 800,000. Hesabu mpya iliyotangazwa Juba mwaka 2024 iliwaonyesha kuwa yapata milioni 5, katika msafara wa swala wa aina nne wanaokaribia milioni 6, mkubwa kuliko wa Serengeti. Serikali na wafadhili walipanga kazi zao kwa takwimu hizo. Zilitoka kama ripoti, na ripoti kwenye hesabu ya h huwa ni karatasi tu. Vivyo hivyo kwa kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina mizizi inayofika mwaka 1930, limelea vizazi vya wanaisimu, na mtu aliyeandika humo maisha yake yote anaweza kuonekana kwenye hifadhidata za Ulaya kana kwamba hakuwahi kushika kalamu.

Kisha kuna muda. Chuo Kikuu cha Juba kiliundwa mwaka 1975, vita vikakihamishia Khartoum mwaka 1989, kikarudi nchi ilipopata uhuru 2011. Desemba 2013 risasi zikaanza tena mjini, na Julai 2016 tena. Kipimo cha h hujengwa kwa kurundika, mwaka juu ya mwaka, wala hakina safu ya kuandika kwamba maabara ilikuwa haina umeme au sampuli ziliharibika. Hata amani ikiwepo, marejeleo yana saa yake. Mwaka 1947 watafiti wa Entebbe walivipata virusi vya Zika ndani ya nyani namba 766 aliyewekwa kizimbani kwenye msitu wa Zika. Makala ya Dick, Kitchen na Haddow ikatoka 1952. Kwa miaka zaidi ya hamsini ilirejelewa na wachache. Mwaka 2015 Brazil ikaanza kupata watoto wenye vichwa vidogo, na makala ile ya kale ikarejelewa na dunia nzima. Anthony van Raan wa Leiden alikuwa amekwisha kuzipa makala za namna hiyo jina mwaka 2004: warembo waliolala. Nani angewapandisha cheo wale watatu mwaka 1960 kwa ajili yake?

Kwa hiyo, ustadhi, hili ndilo nililopaswa kukwambia pale bandani. Tatu yako ni ya kweli, usiifiche. Inasema kwamba watu wanaofanya kazi kama yako ni wachache na wanaandika polepole. Anayetaka kukupima akulinganishe na wahesabu inzi wenzako wa miaka hiyohiyo, halafu asome angalau makala zako mbili mpaka mwisho. Asipokuwa na muda wa kuzisoma, hana haki ya kukupanga.

Jioni ile yeye hakuningoja nifike huko. Giza liliingia, jenereta la duka la jirani likawashwa, mama wa chai akaongeza makaa. Fomu ilikuwa ifungwe saa sita usiku, na mtandao ulikuwa unakuja na kukatika. Akaiacha 3 palepale ilipokuwa. Akateremsha ukurasa hadi kwenye kisanduku kikubwa kilichotaka maelezo ya mchango wake kwa maneno yasiyozidi 500, akafuta sentensi mbili alizokuwa ameanza nazo, zile za "mimi ni mtafiti mwenye uzoefu", akakaa kimya kidogo. Halafu akaandika jina la bwawa la Maridi, na idadi ya inzi waliotua mguuni mwake kwa saa moja kabla ya watu kufyeka ukingo, na idadi ya waliotua baada ya hapo.